Je, Wajua? Hofu ya Mtoto Huweza Kuuma Tumboni
Mtoto mwenye wasiwasi mara nyingi hulalamikia tumbo, wala hataji hofu. Maumivu hayo ni ya kweli. Mwili unapohisi hatari humwaga homoni ya adrenalini: moyo hudunda mbio, misuli hukaza, usagaji wa chakula hupungua. Kumwambia "acha kudeka" hakuzuii lolote kati ya hayo.

Kinachotuliza upesi ni pumzi. Kutoa pumzi polepole huamsha neva ya vagasi, inayopunguza mapigo ya moyo. Mtoto mdogo huiweza zaidi akipuliza mapovu ya sabuni kuliko akiamriwa kupumua.

Kuitaja hisia nako kuna nguvu. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake, Marekani, walionyesha kwa watu wazima kwamba kuipa hisia jina hupunguza msisimko wa amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu. Mtoto asiye na maneno ya kuitaja hisia huazimwa maneno hayo na mkubwa: "Naona umeogopa."

Kumwepusha na kila anachokiogopa, hata kwa upendo, huikuza hofu. Bora akisogelee kidogo kidogo, mzazi akiwa karibu. Wasiwasi unaomnyima usingizi au masomo kwa wiki kadhaa unahitaji mtaalamu wa afya.