Ofisa wa manowari aliyeipeleka Ukara Ujerumani

Njia ya Ukara watu wa Mwanza wanaijua: meli hadi Nansio, gari kukatiza Ukerewe mpaka Bugolora, halafu kivuko cha Bwisya. Watanzania wengine wengi walilisikia jina la kisiwa hicho kwa msiba, Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikiwa karibu kabisa na gati na watu zaidi ya 220 wakafa maji. Lakini lipo kundi jingine linalolijua jina la Ukara bila kukiona kisiwa hata kwenye picha, nalo ni la Wajerumani waliosoma kitabu kidogo cha barua za Mkara mmoja aliyekwenda kuipeleleza nchi yao. Barua hizo zilitungwa na ofisa wa jeshi la majini aitwaye Hans Paasche.

Paasche alizaliwa Rostock, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, Aprili 3, 1881. Baba yake, Profesa Hermann Paasche, alikuwa mwanasiasa mkubwa aliyefikia kuwa makamu wa spika wa Bunge. Mwaka 1899 kijana akajiunga na jeshi la majini la Kaiza, na miaka michache baadaye akaletwa pwani yetu akiwa ofisa wa uongozaji meli katika manowari Bussard. Akajifunza Kiswahili. Akapenda kuwinda, kama maofisa wenzake wote.

Mwishoni mwa Julai 1905 Umatumbi ikalipuka. Vita vya Majimaji vilimkuta Gavana Graf von Götzen (ndiye ambaye jina lake lilipewa meli ile ya Ziwa Tanganyika tunayoiita leo MV Liemba) akiwa na askari wachache, ikabidi mabaharia washushwe melini wakapigane nchi kavu. Paasche, mwenye umri wa miaka 24, akapelekwa bonde la Rufiji na kikosi chake. Alipigana, na watu wa Rufiji walikufa kwa amri yake. Hilo lisifunikwe na mema yaliyofuata. Serikali yake ilimvisha nishani. Vita hivyo, pamoja na njaa iliyofuata, vilimaliza watu 75,000 kwa hesabu ya Wajerumani wenyewe, na hadi 300,000 kwa makadirio ya baadhi ya wanahistoria.

Waandishi wa maisha yake wanakubaliana kwamba Rufiji ndiko alikoanza kuvichukia vita. Alirudi kwao mwaka 1906 akisumbuliwa na malaria, akaandika kitabu cha vita, mawindo na safari zake, na mwaka 1908 akamwoa Ellen Witting. Mwaka uliofuata akaacha jeshi. Fungate yao waliilia huku kwetu: mwaka 1909 na 1910 walisafiri kutoka pwani hadi Ziwa Victoria na kupita huko, wakizitafuta chemchemi za Naili. Ni katika safari hiyo ndipo Ukara ilipoingia kichwani mwake.

Mwaka 1912 yeye na mwenzake Hermann Popert walianzisha jarida la vijana, Der Vortrupp, na humo ndimo barua zilipoanza kutoka. Mwandishi wake wa kubuni ni Lukanga Mukara, yaani Lukanga mtu wa Ukara, aliyetumwa na mfalme wa Kitara kwenda Ujerumani kuona Wazungu wanavyoishi. Anachokiona kinamshangaza. Watu wazima wanavuta moshi wa majani kisha wanautoa, na wasiovuta wanalazimika kuunusa. Wanaume wanakunywa pombe bila kiu, tena kwa kushindana. Wanawake wanajifunga vazi gumu la kubana kiuno hadi mbavu zinaumia, na huko ndiko kupendeza. Kila mtu anakimbizana na saa wala haelezi anawahi nini. Lukanga hatukani mtu, anaripoti tu kwa mfalme wake kwa adabu zote, na adabu ile ndiyo inayochoma.

Kwa mwaka 1912 huo ulikuwa ujasiri. Wakati huo wazungu ndio waliozunguka Afrika na madaftari wakiandika mila za watu, huku wakipima vichwa vyao. Ofisa aliyepata nishani kwa kuwapiga Waafrika akaligeuza daftari, Mwafrika akawa ndiye mtazamaji.

Hata hivyo sauti ile ni ya Paasche mwenyewe. Alikuwa hali nyama, hanywi pombe, anadai wanawake wapige kura, anapinga ndege kuuawa kwa ajili ya manyoya ya kofia za mabibi. Hayo yote Lukanga anayasema kwa niaba yake. Mkara huyu wa kubuni anasifia maisha mepesi yaliyo karibu na maumbile, na hapo ndipo mtu anayeifahamu Ukara atakapocheka kidogo. Tangu miaka ya 1930 wataalamu wa kilimo wamekuwa wakiandika kuhusu Wakara kwa sababu ya uchapakazi wao. Ardhi ni ndogo na watu ni wengi, kwa hiyo ng'ombe hufungwa ndani na kukatiwa majani, samadi hubebwa hadi shambani, marejea hupandwa katikati ya uwele ili baadaye ilimiwe ardhini iwe mbolea, na hata mti una mwenyewe. Hayo si maisha mepesi. Ni kazi ya kutwa, na Paasche hakuiweka katika barua zake.

Wakati barua hizo zikichapishwa, Aniceti Kitereza, mzaliwa wa Ukerewe wa mwaka 1896, alikuwa bado kijana mwanafunzi wa mapadri. Yeye alikuja kuandika kwa sauti yake, kwa Kikerewe, riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Aliimaliza mwaka 1945, mchapishaji hakupatikana, ikambidi aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitoka Dar es Salaam mwaka 1980, na mwaka 1981 mzee akafariki. Mkara wa uongo alichapishwa papo hapo, Mkerewe wa kweli akasubiri miaka 35. Kosa hilo si la Paasche, lakini kila nikisoma habari za Lukanga, Kitereza hanitoki akilini.

Vita Kuu vilipozuka mwaka 1914 Paasche alirudi jeshini, akapewa mnara wa taa wa Roter Sand, baharini mlangoni mwa mto Weser. Aliambiwa akae kiti cha hakimu katika kesi ya baharia, akakataa. Mwanzoni mwa 1916 wakamtoa jeshini. Akahamia Waldfrieden, shamba lake lililo katika eneo ambalo leo ni Poland, akaishi na mkewe na watoto wanne kama mwanakijiji, ila mwanakijiji asiyenyamaza. Wafungwa wa Kifaransa waliopelekwa kufanya kazi shambani aliwatendea kama wageni, na karatasi za kupinga vita akaendelea kuzisambaza. Mwaka 1917 akakamatwa kwa tuhuma za uhaini, kisha akawekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Novemba 9, 1918, mabaharia waasi ndio waliokwenda kumtoa. Mwezi uliofuata Ellen akafa kwa homa ya mafua iliyokuwa ikiua dunia nzima.

Mei 21, 1920 (tarehe ambayo Mwanza inaikumbuka kwa kuzama kwa MV Bukoba, miaka 76 baadaye) makumi ya askari waliizingira Waldfrieden wakidai kuna silaha zimefichwa. Paasche alikuwa ziwani, jirani na nyumba. Alipoitwa akaja, akapigwa risasi akafa, akiwa na umri wa miaka 39. Ilielezwa kwamba alikuwa anakimbia. Silaha haikupatikana hata moja, na hakuna aliyeadhibiwa. Barua za Lukanga zilitoka kama kitabu mwaka uliofuata, na Wajerumani wanazisoma hadi leo.

Walimu wa sekondari za Ukerewe, ikiwemo Ukara, wangefanya jambo la maana kuvisomesha vitabu vyote viwili kwa pamoja, waanze na cha Kitereza.