Kabla ya Amarantha, kulikuwa na Kilwa

Kama umesoma riwaya za Sarah J. Maas, Amarantha unamjua. Aliingia kama mjumbe, akawalaghai watawala wa majini, akawapokonya nguvu zao.

Pwani yetu stori kama hiyo ilitokea kweli. Kule Kilwa, maamiri na mawaziri walishazoea kuamua nani akae kitini. Wareno walipofika mwaka 1505, mtawala Amir Ibrahim mwenyewe hakuwa wa ukoo wa kisultani. Wakauteka mji, Ibrahim akatoroka, wakamvika taji tajiri mmoja, Mohamed Ankoni. Hakudumu, aliuawa. Mwaka 1512 Wareno wakafunga virago, Ibrahim akarudi.

Nguvu za Kilwa hazikuwa za uchawi. Zilitoka kwenye biashara ya dhahabu ya Sofala, na taji la kupewa na mgeni halikuweza kumlinda aliyelivaa.

Sasa wewe unayeandika stori za majini hapo Diani, makasri ya Ulaya ya nini? Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa matumbawe karne nyingi zilizopita, uko hapo hapo ufukweni. Anzia hapo, kisha jiulize: katika ufalme wako, funguo za hazina anazo nani?