Mfuatano wa Alama Unapokuwa Namba: Mfano wa Kusini mwa Maniema

Katika lugha za programu, maandishi na namba ni vitu viwili tofauti. Alama "45" zikiingizwa kwa kibodi, mara nyingi kompyuta huzipokea kama maandishi tu; haiwezi kuzifanyia hesabu mpaka zihakikiwe na kugeuzwa namba. Uhakiki huo hudhaniwa kuwa jambo jepesi, ilhali unategemea kaida za uandishi za jamii inayohusika. Eneo la Lusangi, upande wa Kasongo na Kabambare, linatoa mfano mzuri.

Njia ya kwanza ni kuuliza iwapo kila alama ni tarakimu. Katika lugha ya Python, swali hilo huulizwa kwa amri isdigit. Amri hii huikubali "45", lakini huzikataa "-45" na "4.5", ambazo ni namba halali. Kinyume chake, huikubali tarakimu ndogo ya kipeo, "²", ambayo amri ya kugeuza, int, huikataa. Kwa hiyo, kuwa na tarakimu si sawa na kuwa namba.

Njia ya pili, iliyo imara zaidi, ni kujaribu kuyageuza maandishi kwa int au float na kulinasa kosa likitokea. Njia hii hutambua hata tarakimu za Kiarabu: "١٨٩٣" huwa 1893, mwaka ambao Kasongo, uliokuwa mji mkuu wa himaya ya Tippu Tip, ulitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo. Sifa hiyo humfaa mtafiti wa barua za Kiswahili za enzi hiyo zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu.

Utata mkubwa zaidi umo katika mkato. Kongo hufuata kaida ya Kifaransa, ambamo mkato hutenga desimali. Tanzania huutumia kutenga maelfu. Hivyo "1,500" katika daftari la mpunga ni kilo moja na nusu kwa karani wa Kasongo, bali ni kilo elfu moja na mia tano kwa mwenzake wa Kigoma. Python huyakataa maandishi hayo. Mtungaji wa programu akiufuta mkato, au akiweka nukta mahali pake, mashine itakubali bila kulalamika, ingawa jibu moja ni mara 1,000 ya jingine.

Basi, kabla ya kuuliza kama maandishi ni namba, sharti ijulikane yameandikwa kwa kaida gani. Pasipojulikana, yafaa arejewe aliyeyaandika, wala isikisiwe.