Kamera ya bei nafuu baharini: Adui mkubwa ni unywele mmoja

UKIPITA barabara ya Luthuli jijini Nairobi, hutakosa duka linalouza kamera ndogo za mtumba, zile za kufungwa kwenye helmeti au kifuani. Muuzaji atakuapia kwamba "hii haiingii maji, boss". Wiki mbili baadaye kamera iko Watamu, chini ya bahari, na huko ndiko maneno yake hupimwa.

Swali la kumuuliza ni moja tu: hadi mita ngapi? Kila unapoteremka mita 10 baharini, presha huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu. Ukifika mita 10 kamera inabanwa mara mbili ya ilivyokuwa kwenye boti. Mita 20, mara tatu. GoPro nyingi tangu Hero5 zinahimili mita 10 bila kasha. Hiyo inatosha kwa anayeogelea na miwani juu ya matumbawe. Lakini cheti cha kwanza cha kupiga mbizi hukufikisha mita 18, na meli ya MV Dania, iliyozamishwa makusudi karibu na Nyali mwaka wa 2002, imelala takriban mita 30. Huko huendi na kamera uchi.

Simu yenye alama ya IP68 nayo isikudanganye. Hujaribiwa katika maji yasiyo na chumvi, yaliyotulia, mara nyingi mita moja unusu kwa dakika 30. Bahari si beseni. Ule mfuko wa plastiki wa kuning'iniza shingoni ni wa ufuoni. Ukizama nao, presha huugandisha kwenye kioo na simu haisikii tena kidole.

Kwa hivyo pesa zako, kama ni chache, ziende kwenye kasha gumu. Heri kamera kuukuu ndani ya kasha zuri kuliko kamera mpya ndani ya kasha la kubahatisha.

Na kasha lenyewe hutegemea kitu kidogo sana: mpira mwembamba unaozunguka mlango wake. Unywele mmoja, chembe ya mchanga au uzi wa taulo ukilala juu ya mpira huo, maji yameshapata njia. Ukague usiku kabla ya safari, si kwenye boti inayoyumba huku mikono ikichuruza maji. Utoe kwa kidole, usitumie pini. Upitishe taratibu katikati ya vidole ukisikiliza mkwaruzo, kisha umulike mfereji wake kwa tochi ya simu. Kuhusu grisi, soma maelezo ya kasha kwanza. Kazi ya grisi ni kuulainisha mpira ukae sawa, haizibi ufa. Mipira iliyotengenezwa kwa silikoni huvimba ikipakwa grisi ya silikoni, na mafuta ya kujipaka kama Vaseline huharibu aina nyingine. Ukipaka, iwe kidogo tu, mpira ung'ae basi.

Halafu lijaribu kasha likiwa tupu, na tishu ndani. Lizamishe kwenye ndoo, uone kama kuna mapovu yanayofuatana. Safari ya kwanza baharini, shuka nalo hivyo hivyo bila kamera. Ajabu ni kwamba kasha lenye kasoro ndogo aghalabu huvuja karibu na juu, kabla presha haijaubana mlango. Kwa hivyo litazame vizuri mita chache za kwanza.

Ukungu ndani ya kioo si kuvuja. Ni unyevu wa hewa ya Pwani uliofungiwa humo, kisha maji yakaupoza. Ifunge kamera chumbani penye ubaridi na ukavu, utie kile kipakiti kinachokuja na viatu vipya.

Mkirudi botini, usilifungue. Liloweke kwenye maji ya bomba nusu saa, ukibonyeza kila kitufe, maana chumvi ikikauka huwa fuwele zinazokwaruza mpira. Likaushe nje kabisa ndipo ufungue, mlango ukitazama chini.

Kwa kijana wa Diani au Wasini anayeuza picha kwa watalii, kamera iliyolowa ni mteja aliyelipa na hana picha. Ukiona maji ndani ya kasha, usikimbilie juu; panda kwa mwendo wako wa kawaida ukipumua, mapafu yako ni ghali zaidi. Juu, zima, toa betri na usiichaji tena, betri ya lithiamu iliyoonja chumvi inaweza kuwaka. Kamera iliyojaa maji ya bahari isuuze kwa maji safi kabla chumvi haijaila. Mchele hautoi chumvi. Kadi ya picha, tofauti na kamera, mara nyingi hunusurika. Isuuze, iache ikauke siku mbili, kisha ijaribu kwenye kompyuta.