Sahani Moja Jioni

Ni saa moja jioni katika kijiji kimoja cha milimani, wilaya ya Mbinga. Baridi imeanza. Mama amerudi kutoka shambani, amewasha moto, amepika ugali na maharage. Chakula kiko tayari.

Mtoto mdogo anachukua sahani yake na kwenda kula mlangoni. Kijana mkubwa anakula amesimama, simu mkononi. Baba hajarudi. Chakula chake kimefunikwa kwa sahani nyingine. Bibi anakaa katika nyumba yake ndogo, hatua thelathini kutoka hapo. Mjukuu amempelekea chakula. Ameweka bakuli chini, amesema, "Shikamoo, Bibi," halafu amekimbia. Bibi anakula peke yake gizani.

Katika nyumba hiyo hakuna aliyelala na njaa. Hata hivyo, kuna kitu kilichokosekana. Je, ni kitu gani?

Afya si mwili tu

Wasomaji wenye umri mkubwa wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana. Halafu walikwenda kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba, na kufukia madimbwi ya mbu. Kazi ile ilikuwa nzuri, na bado inahitajika.

Lakini afya ni zaidi ya mwili. Katiba ya Shirika la Afya Duniani ilitiwa sahihi mwaka 1946. Katiba hiyo inaeleza kuwa mtu mwenye afya ni yule aliye katika hali njema ya mwili, ya akili, na ya maisha yake pamoja na watu wengine. Kukosa ugonjwa peke yake hakutoshi.

Basi mtu anaweza kuwa na choo safi, chandarua kizuri na debe la mahindi ndani, na bado akawa hana furaha. Hajui amweleze nani yaliyo moyoni. Kila siku mawazo yanaongezeka. Mtu wa namna hiyo hahitaji dawa ya duka kwanza. Anahitaji watu. Na watu hupatikana kwa mazoea madogo ya kila siku. Zoea moja tutalieleza hapa kwa kirefu, kwa sababu halina gharama na kila nyumba inaliweza. Nalo ni kula pamoja na kuzungumza.

Sengu ya Wamatengo

Jambo hili si geni Mbinga. Wamatengo walikuwa na desturi iitwayo sengu. Zamani watu wa ukoo mmoja walikaa kwenye mgongo mmoja wa mlima, kati ya kijito na kijito. Eneo hilo waliliita ntambo. Kila mama alipika katika jiko lake. Wakati wa kula, vyakula vililetwa mahali pamoja kwa mkubwa wa ukoo, watu wakala pamoja. Aliyevuna kidogo alikula sawa na aliyevuna kingi.

Baada ya kula hawakuondoka upesi. Walizungumza habari za siku. Shamba la nani limechelewa? Nani anaumwa? Waliogombana walipatanishwa hapo. Vijana walifundishwa hapo, bila ubao wala chaki.

Tazama akili ya wazee hao. Mkutano ukiitishwa, wengine hutoa udhuru wasifike. Lakini sengu haikuwa na haja ya mpiga mbiu. Njaa ndiyo iliyowaita watu. Na mtu ambaye hakufika alionekana mara moja, kwa sababu mahali pake palikuwa wazi.

Desturi hiyo ilipungua kidogo kidogo. Kahawa ilifika, kila nyumba ikawa na miti yake na fedha yake. Wengine walifungua mashamba mapya mbali na kwao. Watoto walikwenda kusoma mbali. Lakini jina halikupotea. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianza mradi wa maendeleo kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Japani. Kijiji kimojawapo kilichoshiriki ni Kindimba, huko huko Mbinga. Wanakijiji walitaka mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu za maji. Waliunda kamati ya kusimamia kazi yao, na kamati hiyo wakaiita Sengu.

Tusiisifu sengu kupita kiasi, lakini. Wasemaji wake wakubwa walikuwa wanaume wazee. Mama aliyepika hakusikilizwa sana. Kosa hilo bado tunalo. Angalia nyumba nyingi leo. Mama anapakua, anaongeza mboga, anafukuza kuku, anamwita mtoto anawe. Wenzake wakimaliza, yeye anakula makombo jikoni. Mama huyo hajala na wenzake, hata kama walikuwa chini ya paa moja. Kutwa nzima alikuwa kwenye ngolo. Kila mtu wa Mbinga anajua kazi ya kufukia majani kwa jembe na kuchimba mashimo ya ngolo ilivyo nzito, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya akina mama.

Kwa hiyo zoea la kula pamoja lianze na jambo hili: mama akae. Baba anaweza kuleta maji ya kunawa. Kijana anaweza kupakua. Watoto wanaweza kuosha vyombo baadaye. Hakuna mwanamume aliyepungukiwa na kitu kwa kushika jagi na beseni.

Wenzetu wa ziwani wafanyeje?

Msomaji wa Lituhi, Liuli au Mbamba Bay atauliza: "Sisi je? Baba huingia ziwani jioni kuvua dagaa kwa taa. Hurudi alfajiri. Tutakula naye jioni gani?"

Swali hilo ni la haki. Tangu mwaka 2012 mwambao huo ni wilaya ya Nyasa, na maisha yake hayafanani na ya milimani. Huku juu kazi hufuata jua. Kule chini hufuata samaki na upepo. Basi sahani ya mvuvi ni ya asubuhi. Mtumbwi umefika, dagaa wameanikwa, nyavu zimetundikwa. Kabla baba hajalala usingizi wake wa mchana, akae na mkewe na watoto wale muhogo wa kuchemsha na samaki. Hata robo saa inatosha. Tena mvuvi ana bahati ambayo mkulima hana. Siku za mbalamwezi kubwa taa haivuti dagaa vizuri, na wengi hubaki nchi kavu. Jioni hizo ni za nyumbani. Kwa nini ziishie zote kilabuni?

Hapa tuseme neno juu ya kilabu. Watu husema baba fulani anapenda pombe. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingine anachofuata ni masikio. Kilabuni mtu husimulia habari zake, na wenzake husikiliza, hucheka, huuliza, "Halafu ikawaje?" Nyumbani hakuna aliyemuuliza hivyo tangu mwaka juzi. Wala yeye hajamuuliza mkewe.

Kusikiliza ni kazi

Je, kusikilizwa kunaponya kweli? Huko Zimbabwe jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kazi katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, pamoja na akina bibi 14. Bibi hao hawakuwa madaktari. Walifundishwa kukaa benchini nje ya zahanati na mtu mwenye mawazo mengi, na kumsikiliza. Halafu walimsaidia achague shida moja kati ya shida zake, na kutafuta njia ya kuikabili. Washona wana neno lao kwa hali hiyo ya mtu anayewaza mno. Husema kufungisisa.

Baadaye watafiti waliwafuatilia wagonjwa 573 katika zahanati 24. Wengine walikaa na wasikilizaji hao benchini, wengine walipata huduma ya kawaida tu. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliokaa benchini walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao.

Bibi wa Mbare walifundishwa, nasi tunaweza kujifunza. Jambo la kwanza ni namna ya kuuliza. Sikiliza mazungumzo haya:

"Habari za kutwa?"

"Nzuri."

Yamekwisha. Sasa sikiliza haya:

"Mama, asubuhi ulisema mgongo unauma. Umeshindaje nao?"

"Afadhali kidogo, Baba. Lakini lile shamba la juu limenishinda. Nimefikisha nusu tu."

"Basi kesho nitakwenda nawe. Kahawa itangoja."

Tofauti ni nini? Katika mazungumzo ya pili, baba alikumbuka neno la asubuhi. Mama akajua kuwa alisikilizwa.

Jambo la pili ni kuacha kugeuza sahani kuwa baraza la mashtaka. Mtoto akijua kwamba kila jioni ataulizwa alama za shule mbele ya wote, atatafuta sababu ya kuchelewa. Mambo ya deni na makosa yawe na saa yake, nyota zikiwa nje na watoto wamelala. Kwenye chakula, kila mtu ataje jambo moja jema aliloliona siku hiyo, hata dogo. Mbuzi amezaa. Barua imesomwa bila msaada. Mvua imenyesha upande wa shamba letu. Mwanzoni watu wataona haya na kucheka. Waache wacheke.

Simu ziwekwe kando. Redio izimwe kidogo. Na mikono yote inawe kwa sabuni na maji ya kumiminwa, si kuchovya wote katika bakuli moja, kwa maana kula pamoja kusiwe njia ya kugawana kuhara. Mwenye kifua cha kukohoa apakuliwe chombo chake, lakini asitengwe. Akae pale pale na wenzake, mahali penye hewa.

Shimo moja la ngolo ni dogo. Ukilitazama peke yake, utasema halizuii kitu. Lakini mashimo yakijaa mlima mzima, maji ya mvua hutulia humo, udongo haushuki mtoni. Jioni moja ya kula pamoja nayo haibadilishi nyumba. Jaribu mwezi mmoja.

Mahali palipo wazi

Faida nyingine ya sahani moja ni kubwa kuliko hizi zote. Nyumba inayokula pamoja huona upesi mtu anayebadilika.

Kijana aliyekuwa msemaji amenyamaza. Mama aliyejifungua mwezi uliopita analia bila sababu, na mtoto hamvutii. Baba ambaye bei ya kahawa ilimwangusha anamega tonge mbili, anasukuma sahani. Hapati usingizi. Hataki kazi aliyoipenda. Siku moja ya namna hiyo humpata kila mtu. Lakini ikifika wiki mbili mfululizo, huo ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Si uvivu, wala si lazima pawe na mchawi. Mpeleke zahanati au kituo cha afya, na umsindikize mwenyewe.

Na mtu akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake, usimcheke, wala usimkemee. Muulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kusema. Usimwache peke yake usiku huo. Ondoa kamba, dawa za kahawa na dawa za panya mahali anapolala. Kesho yake asubuhi mpelekeni kwa mganga wa kituo, watu wawili au watatu. Akiwa amekwisha kunywa kitu, usingoje asubuhi. Mpelekeni saa ile ile pamoja na chupa ya alichokunywa.

Nani atayaona hayo, kama kila mtu anakula pembe yake?

Sasa turudi kwa Bibi yule wa hatua thelathini. Mjukuu alidhani kazi yake ni kupeleka bakuli. Amekosea, lakini si peke yake, maana nasi watu wazima tulimtuma hivyo. Bibi ana miguu mibovu, hawezi kuvuka ua usiku. Basi kesho jioni chukueni kigoda, taa, jagi la maji na sufuria ya maharage, mwende nyote kula kwake. Bibi ndiye anayekumbuka sengu ilivyokuwa. Mwulizeni nani alikaa wapi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Katika nyumba yako, nani hula wa mwisho? Kwa nini?

2. Waulize wazee wa kijiji chako: zamani watu walikula pamoja namna gani? Wanawake walikaa wapi?

3. Kijijini kwenu yuko nani anayekula peke yake kila siku? Nani anakaa karibu naye?

4. Andika katika daftari lako jambo moja jema uliloliona leo. Lisome nyumbani jioni.