Kikundi cha kuosha madirisha: andikeni sheria zenu za usalama kabla ya kupanda ngazi

Katika toleo hili tunaongea na vijana wanaofanya, au wanaotaka kuanza, kazi ya kuosha madirisha. Hapa Uganda Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na kutoka Nakivale watu huenda Mbarara kutafuta riziki. Huko kuna maduka, ofisi na hoteli za ghorofa zenye vioo vikubwa. Mtaji wa kazi hii ni mdogo: ndoo, sabuni, vitambaa, mpira wa kukausha kioo na ngazi. Lakini ngazi hiyo hiyo inayoleta pesa inaweza kuvunja mgongo wa mtu, na familia nzima ikakosa mtafutaji.

Mwenye jengo anaweza kuwauliza: "Mna sera ya afya na usalama?" Usiogope neno hilo. Ni karatasi inayoeleza jinsi kikundi chenu kitakavyolinda watu wake na wapita njia. Tena Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Usinakili karatasi ya kampuni nyingine ili tu upate kazi. Kaeni chini pamoja na wale wanaopanda ngazi, kwa sababu wao ndio wanaojua hatari iko wapi. Karatasi moja au mbili zinatosha, zenye sehemu nne.

SEHEMU YA 1: AHADI

Andikeni kwa ufupi, kwa mfano hivi: "Sisi ni kikundi cha watu 6 tunaoosha madirisha. Hatutafanya kazi inayohatarisha maisha ya mtu. Yeyote akiona hatari anaweza kukataa kupanda, na hatakatwa malipo yake ya siku hiyo."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo moyo wa karatasi yote. Kijana ambaye watoto wake hawajala, akiambiwa "usipopanda rudi nyumbani", atapanda hata kama anaona kidato cha ngazi kimepasuka. Kama malipo yake hayalindwi, sheria nyingine zote hazitamsaidia.

SEHEMU YA 2: NANI ANAFANYA NINI

Usiandike "kila mtu awe mwangalifu". Kazi ya watu wote mara nyingi haifanywi na mtu. Andika majina: nani anakagua ngazi kila asubuhi, nani anashika ngazi mwenzake akiwa juu, nani anatunza sabuni na dawa, nani anabeba sanduku la huduma ya kwanza na simu yenye salio.

SEHEMU YA 3: HATARI NA KINGA

1. Jiulizeni kwanza: dirisha hili linaweza kuoshwa kutoka chini kwa mti mrefu wenye kitambaa na mpira? Kama ndiyo, ngazi ibaki nyumbani.

2. Ngazi isimame juu ya ardhi ngumu iliyo sawa, isiwekwe juu ya matofali wala meza. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani. Ukiwa juu, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe vimeshika au kukanyaga ngazi. Usisimame kwenye vidato 3 vya juu kabisa.

3. Usipande na jerikani. Lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20. Panda na kitambaa kilicholowa au kindoo kidogo kinachoning'inia kwenye ngazi.

4. Upepo mkali au mvua ikianza, shukeni. Ngazi ya chuma au aluminiamu isisogezwe karibu na nyaya za umeme.

5. Hakuna kusimama nje kwenye ukingo wa dirisha la ghorofani. Kazi ya kuning'inia kwa kamba ni ya watu wenye mafunzo na vifaa vyake. Ikataeni, hata malipo yakiwa mazuri.

6. Kioo kinahitaji maji na sabuni kidogo tu. Usichanganye klorini (kama Jik) na dawa ya choo yenye asidi, wala na dawa ya vioo yenye amonia. Mchanganyiko huo unatoa hewa ya sumu inayochoma macho na mapafu. Usiweke dawa kwenye chupa ya soda, mtoto atakunywa.

7. Mtu aliye chini ya miaka 18 asipande ngazi. Zungushieni kamba sehemu mnayofanyia kazi ili mama mwenye mtoto mgongoni asipite chini ya ngazi.

SEHEMU YA 4: AJALI IKITOKEA

Mtu akianguka kutoka juu, msimnyanyue haraka na kumpakia kwenye boda boda. Kama uti wa mgongo umeumia, kumkunja kunaweza kumpooza. Mwacheni alale alivyo, kichwa na shingo visitikisike, na piteni simu kuomba gari na mhudumu wa afya.

Dawa ikiingia machoni, osheni kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nendeni kituo cha afya. Mtu akinywa dawa, msimtapishe. Mpelekeni pamoja na chupa yake. Akikatwa na kioo, bana kidonda kwa kitambaa safi, na kituoni aulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Andikeni pia swali ambalo vikundi vingi hulisahau: nani atalipa? Kubalianeni kutoa sehemu ya malipo ya kila kazi na kuiweka kwenye sanduku la kikundi, kwa ajili ya usafiri, matibabu na chakula cha nyumbani kwa mgonjwa. Kiasi mkipange wenyewe, lakini kiandikwe.

MKIMALIZA KUANDIKA

Someni karatasi kwa sauti mbele ya wanakikundi wote, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi au lugha nyingine wanayoielewa. Asiyejua kusoma achorewe picha ya ngazi. Kila mtu atie sahihi au dole gumba, na tarehe iandikwe. Mkipata mtu mpya, ngazi mpya au jengo refu zaidi, isomeni tena na kuirekebisha. Ajali ikikaribia kutokea, hata kama hakuna aliyeumia, iandikeni na mjadiliane siku hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, kinga ni bora kuliko tiba. Kama kikundi chenu kinataka msaada wa kuandika sehemu ya huduma ya kwanza, mwoneni mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Njooni na kalamu, na wale wanaopanda ngazi wasikose.