Katibu muhtasi makini huokoa mzigo wa kampuni ndogo

MIHOGO ikishang'olewa haina subira. Ndani ya siku mbili hadi tatu huanza kubadilika rangi na kuharibika, na mnunuzi wa Dar es Salaam akiiona hali hiyo hushusha bei au huukataa mzigo wote. Kwa wakulima wa kata ya Marui, wilayani Kisarawe mkoani Pwani, na kwa wafanyabiashara wanaofuata mazao vijijini, jambo hilo si geni.

Lakini si kila hasara ya namna hiyo huanzia shambani. Nyingine huanzia ofisini: simu ya mnunuzi iliyopokewa bila kuandikwa, gari lililoahidiwa bila kuthibitishwa, au ujumbe uliokaa mezani mpaka jioni. Ndiyo maana kampuni ndogo inayofikiria kuajiri katibu muhtasi, au msaidizi wa mkurugenzi kama wengine wanavyomwita, inapaswa kuangalia zaidi ya kasi yake ya kuchapa.

Chukua mfano wa kampuni ya watu sita inayonunua mihogo mibichi Marui na kuipeleka sokoni Dar es Salaam. Jumatatu asubuhi mkurugenzi yuko shambani na simu yake haipatikani. Mnunuzi anapiga ofisini kusema kuwa mzigo wa Jumanne hataupokea mpaka Alhamisi.

Katibu wa kawaida ataandika kwenye kipande cha karatasi: "Mnunuzi kapiga." Bosi atakikuta jioni, wakati wakulima wameshang'oa. Katibu makini atamuuliza mnunuzi kama anaahirisha mzigo wote au sehemu tu, atamwomba athibitishe kwa maandishi, kisha atamtuma hata kijana wa bodaboda kwenda kusimamisha kazi. Anajua kwamba muhogo uliobaki ardhini unaweza kusubiri, lakini uliolala kwenye kiroba hauwezi. Dakika hizo chache ndizo zinazotenganisha faida na hasara ya wiki nzima.

Aijue biashara yenyewe

Sifa ya kwanza, basi, ni kuielewa biashara. Katika kampuni kubwa kuna idara ya ununuzi, ya uhasibu na ya wafanyakazi. Katika kampuni ndogo idara zote hizo hukutana kwenye meza moja. Anayekaa hapo lazima ajue zao linatoka wapi, linaharibika lini, nani anadaiwa na nani anadai.

Mwajiri anaweza kumsaidia kwa njia rahisi: ampeleke shambani na sokoni katika wiki za mwanzo. Akishaona mihogo ikipakiwa na kupimwa, hatahitaji kuelezwa kila mara kwa nini simu ya dereva haisubiri.

Kuielewa biashara ni pamoja na kujua kupokea watu. Mkulima aliyefika ofisini na vumbi la safari miguuni ndiye anayeleta mzigo. Akikutana na shikamoo, kiti na jibu la kueleweka, hata kama jibu lenyewe ni kwamba malipo yatatoka Ijumaa, atarudi msimu ujao. Akiambiwa tu "bosi hayupo", mzigo wake ataupeleka kwa mwingine.

Tarehe zisimpite

Sifa ya pili ni kumbukumbu, na hii haina maana ya kuwa na kichwa chepesi. Maana yake ni kuandika. Serikali haipokei kisingizio cha kusahau. Kodi inayokatwa kwenye mishahara hupelekwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani huwasilisha ritani yake kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kodi ya mapato ya makadirio hulipwa kwa awamu 4, ambazo kwa anayefunga hesabu Desemba huishia Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kuna michango ya NSSF, na kwa kampuni iliyosajiliwa kuna taarifa ya kila mwaka ya BRELA.

Katibu makini huziandika tarehe hizo kwenye kalenda moja ukutani na kumkumbusha mkurugenzi siku kadhaa kabla. Faini anayoiepusha kampuni kwa mwaka mmoja inaweza kulipa sehemu ya mshahara wake.

Vivyo hivyo kwa mafaili. Ankara, risiti, mikataba na hati za makabidhiano ya mzigo zinatakiwa kutunzwa kwa utaratibu ambao hata mtu mwingine anaweza kuufuata. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza nyaraka zake kwa muda usiopungua miaka 5. Risiti iliyopotea ni gharama ambayo mfanyabiashara hawezi kuithibitisha.

Wanaolima korosho wanalijua hili vizuri. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, kilo za mkulima huandikwa kwenye chama cha msingi, na fedha zake hupitia akaunti ya benki. Tarakimu moja ikikosewa kwenye namba ya akaunti, wenzake wanalipwa naye anabaki kuzungushwa.

Siri na ukweli

Sifa ya tatu ni kutunza siri. Katibu anajua bei ya kununulia, bei ya kuuzia na deni la kampuni benki. Maneno hayo yakifika kwa mshindani kabla ya msimu, kampuni imekwisha. Isitoshe, ofisi hukusanya majina, namba za simu na vitambulisho vya wakulima, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka masharti ya kuzitunza. Orodha ya wakulima si kitu cha kurushwa kwenye kundi la WhatsApp.

Sifa ya nne ni ngumu zaidi: kumwambia bosi ukweli. Mkurugenzi akiahidi tani 5 wakati daftari linaonyesha tani 3, katibu anayenyamaza kwa woga hamsaidii. Anayemfuata faragha na kumwambia, "Mzee, hesabu haitoshi," anaiokoa heshima ya kampuni. Husema kwa adabu, lakini husema mapema.

Wajibu wa mwajiri

Katibu bora hatokei kwa bahati. Wapo waliosomea uhazili katika Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho kampasi yake ya Tabora ina jina la siku nyingi katika fani hiyo, na wapo waliopitia vyuo vya ufundi. Kabla ya kuajiri, mpe mwombaji jaribio fupi: apokee simu, aandike barua ya kudai deni, apange risiti za mwezi mmoja. Utamjua kuliko kwa kusoma cheti.

Ndugu si vibaya kuajiriwa, ili mradi apite jaribio hilo hilo na awe tayari kuwajibishwa kama mwingine.

Akishapatikana, apewe mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na likizo ya siku 28 katika mzunguko wa mwaka. Katibu anayedaiwa kodi ya chumba huku mshahara wake umechelewa miezi miwili hawezi kutegemewa kutunza siri za pesa za mtu mwingine.

Mwajiri naye ajilinde. Mtu mmoja asiagize, asipokee na asilipe peke yake. Laini ya simu ya ofisi isajiliwe kwa jina la kampuni, si la mfanyakazi, ili akiondoka asiondoke na wateja.

Kwa kikundi cha wakulima kisicho na uwezo wa kuajiri, kazi hii hufanywa na katibu wa kikundi. Achaguliwe kwa uangalifu uleule, si kwa sababu tu ana mwandiko mzuri. Apewe daftari, simu yenye vocha na mamlaka ya kusema "simamisheni kung'oa" pale mwenyekiti asipopatikana.